Gunia Lifunge Mdomo: Wito kutoka Soweto, Mbeya



Nakuandikia kutoka Soweto, Mbeya, mahali ambapo siku huanza kwa mngurumo wa Fuso. Alfajiri, baridi ikiwa bado imekaba koo, gari linarudi nyuma polepole, utingo anapiga bodi kwa kiganja, na makuli wanasogea wakiwa wamejitanda magunia matupu mabegani. Zinashuka ndizi za Rungwe, kabichi, karoti. Kisha vinashuka viazi mviringo, na hapo hata mgeni husimama kutazama, maana gunia la viazi la huku kwetu lina umbo lake. Chini ni gunia kama magunia mengine. Kuanzia mdomoni kwenda juu ni kichuguu: viazi vimepangwa kimoja kimoja kama mawe ya msingi, vikafunikwa majani, vikazungushiwa kamba iliyopishanishwa kama wavu mpaka vikatulia. Kuli hawezi kujitwisha mwenyewe. Wanamtwisha wawili, na magoti yake yanatetemeka kabla hajapiga hatua ya kwanza.

Tunaliita lumbesa. Tumelizoea jina hilo hata halitushtui tena.

Na mimi nimekuwa mmoja wa walioifurahia. Nikiwa na shughuli nyumbani, iwe msiba au kipaimara cha mtoto, nilikuwa napita gunia kwa gunia nikitafuta lenye kilima kirefu kuliko yote. Nikalipa bei ya gunia moja na kurudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa kupata. Sikujiuliza hata siku moja ile nyongeza imetoka kwa nani.

Nilikuja kuiona ilikotoka nilipopanda milima ya Uporoto kumtembelea ndugu yangu, juu ya Isyonje, kwenye barabara inayokwenda Kikondo. Jirani yake alikuwa anachimba viazi. Ni mama mtu mzima, kitenge kimefungwa kiunoni juu ya sweta, miguu imejaa udongo mweusi. Mnunuzi alikuwa kijana mwenye adabu zake. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, mmefika salama?" Wakapatana bei ya gunia mbele yangu, bila kelele. Gunia likaanza kujazwa kwa debe. La sita likafika mdomoni, nami nikajua kazi imekwisha, maana gunia la mahindi ni debe sita, kila mtu anajua. Kijana akasema kwa upole, "Mama, tuongeze kidogo, mzigo ukae." Likaja la saba. Kamba ikaanza kuzungushwa. "Kidogo tu, mama." Likaja la nane. Yule mama hakubisha. Aliinama, akachota, akamimina. Mwishoni akatazama viazi vilivyobaki chini, alivyokuwa amejitengea kwa chakula cha jioni, akavikusanya kwenye pindo la kitenge, navyo vikapanda juu ya kichuguu. Akapokea fedha kwa mikono miwili na kusema ndaga fijo, asante sana.

Neno lile "kidogo" halijanitoka tangu siku hiyo, basi tulipime. Kwa sheria zetu gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lumbesa ya viazi hufika kilo 120, 130, na nyingine hupita hapo. Tuchukue 130. Mama akiuza magunia kumi, ametoa kilo 1,300 na amelipwa bei ya kilo 1,000. Kilo 300, yaani magunia matatu kamili, zimeshuka mlimani bila hata kutajwa kwenye mapatano. Mbegu ya viazi hivyo aliinunua. Dawa ya ukungu alipiga kwa bomba la mgongoni, mvua ikaiosha, akapiga tena. Vibarua waliopalilia aliwalipa kwa siku zote walizofanya kazi, na hakuna aliyemwambia, mama, hizi siku tatu nakupa bure.

Usiku ule nilimrudia mwalimu mmoja wa zamani sana, ambaye wengi wetu tunamfahamu zaidi kwa jina la parokia au la shule kuliko kwa mawazo yake. Ni Thoma wa Akwino. Alizaliwa karibu mwaka 1225 katika ngome ya Roccasecca, Italia, kwenye ukoo wenye cheo. Wazazi walitaka siku moja awe abate wa Monte Cassino, monasteri kubwa yenye heshima. Yeye akachagua kuwafuata Wadominiko, watawa waliokuwa wakiishi kwa kuomba sadaka mitaani, na ndugu zake wakamfungia ndani karibu mwaka mzima wakitumaini atabadili nia. Hakubadili. Alisoma chini ya Alberto Mkuu, akafundisha Paris na Napoli, akafariki tarehe 7 Machi 1274 katika monasteri ya Fossanova akiwa safarini kwenda Mtaguso wa Lyon. Mwaka 1323 akatangazwa mtakatifu. Ndiyo maana kuanzia 2023 hadi 2025 Kanisa lilikuwa na kumbukumbu zake tatu mfululizo: miaka 700 tangu atangazwe, 750 tangu afe, 800 tangu azaliwe. Zilipita, na huku kwetu nadhani zilipita kimya kuliko zilivyostahili.

Watu wakimtaja Thoma hufikiria malaika, hufikiria hoja za kuthibitisha kwamba Mungu yupo. Ni kweli, aliyaandika hayo. Lakini katika kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77, mtawa huyu anaingia sokoni. Anauliza maswali manne tu: je, ni halali kuuza kitu kwa zaidi ya thamani yake? Je, bidhaa ikiwa na kasoro, mauzo ni halali? Je, muuzaji analazimika kuitaja kasoro hiyo? Je, mfanyabiashara anaruhusiwa kuuza kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia?

Anaanzia mahali ambapo hata yule mama wa mlimani angeitikia kwa kichwa. Kuuza na kununua, anasema, kulianzishwa kwa faida ya pande zote mbili, kwa kuwa kila mmoja anahitaji cha mwenzake. Jambo lililoanzishwa kwa faida ya wawili lisimlemee mmoja kuliko mwingine. Ndipo anapohukumu kwamba kuuza ghali kuliko thamani au kununua rahisi kuliko thamani, kwenyewe, ni dhuluma. Tazama kwamba anamtaja na mnunuzi. Sisi tumezoea kudhani mwizi wa sokoni ni muuzaji peke yake.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu wapo watakaosema Thoma hajui biashara. Anaijua. Anakubali wazi kwamba bei ya haki haiwezi kupimwa kama ncha ya sindano. Ni makadirio, na ikipanda kidogo au ikishuka kidogo haki haijavunjika. Mfanyabiashara naye hamfukuzi. Faida anayoipata kwa ajili ya kulisha nyumba yake, kusaidia wahitaji au kuhakikisha nchi haikosi mahitaji yake, anaiona kuwa ni halali, mithili ya ujira wa kazi. Kijana yule anayelala ndani ya gari, anayepasukiwa tairi usiku, anayeweza kufika mjini akakuta nusu ya viazi vimeoza, faida yake ni jasho lake. Sina neno naye.

Penye ukali wa Thoma ni kwenye kipimo. Kasoro za bidhaa anazigawa tatu: kitu chenyewe kuwa siyo, ubora wake kuwa mbaya, na kiasi chake kuwa pungufu, na hicho kiasi, anasema, hujulikana kwa kipimo. Anayetumia kipimo cha uongo akijua ametenda hila, na anadaiwa kurudisha. Hata asiyejua, siku akijua, anadaiwa kufidia. Halafu anaongeza jambo lililonikosesha usingizi: hayo hayo ni kweli kwa mnunuzi. Kama muuzaji ametoa zaidi ya kile alicholipwa na mnunuzi akafahamu, mnunuzi ananunua kwa dhuluma na anadaiwa kurudisha. Nikakumbuka vilima vyangu vyote vya viazi, misiba na vipaimara.

Utaniambia mama alikubali mwenyewe, hakushikiwa panga. Swali linalofuata katika kitabu hicho, la 78, linahusu riba, na humo Thoma anasema mtu anayelipa riba kwa sababu ya shida hatoi kwa hiari kamili, anatoa kwa kusukumwa na shida yake. Mama wa mlimani ana viazi vilivyokwisha chimbwa. Vikilala wiki kwenye mvua vitaoza. Ada ya shule inadaiwa Jumatatu. Gari limekuja moja, na likiondoka litasimama kwenye shamba la jirani ambaye hatabisha. Kukubali kwa namna hiyo tusikuite hiari. Mahali pengine katika swali la 77 anaeleza kwamba shida ya mwenzako siyo mali yako hata uiuze. Mimi naona pia siyo mali yako hata uinunue kwa bei ya kutupa.

Wapo pia wanaosema bei ya lumbesa imeshazingatia huo uzito. Ni hoja nzuri, na jibu lake ni rahisi. Kama uzito umeshazingatiwa, kupima kwa kilo hakutampotezea mtu yeyote hata shilingi. Tupime, tuone.

Na Thoma alijua kwamba vipimo hutofautiana mji kwa mji. Hata kwetu Tanzania, pwani wazee walikuwa na kibaba, kisaga na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na huku bara tuna debe, ndoo na fungu. Kwa hiyo akaandika kwamba ni wajibu wa wakuu wa kila mji kuweka vipimo vya haki, na vikishawekwa hairuhusiwi kuvipita. Sisi tumekwisha kuviweka. Sheria ya Vipimo ilitungwa mwaka 1982, leo ni Sura ya 340. Wakala wa Vipimo upo tangu 2002, una ofisi mikoani, unahakiki mizani. Thoma anaposema sheria ni nini, anataja vitu vinne: agizo la akili, kwa manufaa ya wote, lililotolewa na mwenye dhamana ya jamii, na likatangazwa. Sheria ya gunia la kilo 100 inatimiza vyote. Imetangazwa redioni, imetangazwa na wakuu wa mikoa na mawaziri mara nyingi. Ila redio haina mikono ya kushika mizani kule shambani.

Siku moja niliongozana na mzigo hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800. Gari lilipimwa Makambako. Likapimwa Wenda, Iringa. Likapimwa Mikese, Morogoro, na likapimwa tena Vigwaza. Kila mahali dereva anashika usukani kwa tahadhari, anatazama kioo, anasubiri kuruhusiwa, kwa sababu uzito ukizidi kuna faini. Nchi yetu inailinda lami kwa kilo, na inafanya vizuri, lami ni mali yetu sote. Lakini nilipokuwa nimekaa kwenye kile kibini nikihesabu mizani, nilijua kwamba mzigo ule ule, ulipokuwa bado ni mali ya yule aliyeulima, haukuwa umepimwa hata mara moja.

Sasa nisikilize vizuri, maana sitaki wito huu ugeuke kuwa wa kumsakama yule kijana wa Fuso aliyenunua viazi vya mama. Nilimwuliza tulipokuwa tukishuka mlimani. Alinijibu kwa unyofu: gari linamtoza kwa gunia, makuli wanamtoza kwa gunia, kwenye geti ushuru ni kwa gunia, na mteja wa mjini anachagua lumbesa. "Nikipeleka magunia bapa, mzee, nitalala nayo." Hapo ndipo fundo lilipo. Kila mkono uliogusa gunia lile unahesabu magunia, hakuna unaohesabu kilo, kwa hiyo kila mkono una sababu ya kulitaka gunia liwe kubwa. Hata halmashauri inapunjwa, kwa sababu ushuru wa magunia kumi unalipwa kwa mzigo wa magunia kumi na matatu, na pengo hilo ndilo dawa inayokosekana zahanati. Na kuli anayebeba kilo 130 kwa malipo ya gunia moja anaumia mgongo kwa ujira ule ule. Mtu mmoja akiamua kuwa mwema peke yake, mwenzake atamzidi. Ndiyo maana nakuomba wewe, na yule, na mimi, tuanze pamoja.

Mama na baba mnaonunua sokoni, ninyi mna nguvu kuliko mnavyofikiri. Lumbesa ipo kwa sababu tunaichagua. Ukiuliza bei, uliza kwa kilo. Ukikuta mizani, dai ipimwe, na ukikuta hakuna, sema kwa heshima kwamba utarudi ikipatikana. Mwenye mgahawa na muuza chipsi, ninyi mnanunua kila siku, na neno lenu mwenye duka la jumla analisikia kabla ya letu.

Kaka zangu madalali na wenye magari, kaeni mpatane nauli ya kilo. Mtatoza haki yenu yote, hata senti haitapotea, na mtaacha kushindana kwa kichuguu. Thoma anasimulia mfano wa mfanyabiashara anayepeleka ngano mahali penye njaa, naye anajua kwamba nyuma yake wanakuja wengine na ngano tele. Je, aseme? Jibu lake lina huruma kwa pande zote: kwa haki halazimiki kusema, lakini akisema, au akapunguza bei, wema wake umezidi. Ninyi mnajua bei ya masoko ya Ilala na Temeke, Dar es Salaam, kila asubuhi kwa simu. Siwaambii mnalazimika. Naomba tu, siku mama akiuliza viazi vinauzwaje mjini, mwambieni ukweli.

Wenyeviti wa vijiji na viongozi wa vyama vya ushirika vya msingi, kinachohitajika ni mizani moja ya kuning'iniza, iliyohakikiwa, na mti imara. Kijiji kizima kikikubaliana kwamba hakuna gunia linalotoka bila kupita pale, mnunuzi hatakuwa na shamba la jirani la kukimbilia. Mkisubiri kila mkulima anunue mizani yake, tutazeeka tukisubiri.

Na ninyi mapadre, wachungaji, masheikh, makatekista, wenyeviti wa jumuiya ndogondogo. Mbeya ni mji wa ibada. Jumapili kengele za Wamoravian, Walutheri na Wakatoliki zinaitana, na alfajiri adhana inatangulia Fuso. Torati inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, na Thoma anaitaja amri hiyo katika hoja yake. Qurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao, Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaojipimia kwa ukamilifu wakipokea na kupunguza wakitoa. Thoma mwenyewe aliwasoma wanafalsafa Waislamu, Ibn Sina na Ibn Rushd, akajadiliana nao ukurasa kwa ukurasa. Basi jambo hili tulihubiri wote wiki moja. Tunahubiri sana juu ya pombe na uzinzi, na ni sawa. Lakini kwa miaka yangu yote kanisani bado sijasikia hubiri moja juu ya gunia, na waumini wetu wanaishi kwa magunia.

Kama parokia ina kikapu cha sadaka ya maendeleo, mizani ni maendeleo. Kama msikiti una mfuko, mizani ni sadaka inayoendelea. Tarehe 28 Januari ni sikukuu ya Thoma, na kwetu huwa ni katikati ya mvua, viazi vya mlimani vikichimbwa. Ingekuwa vyema tarehe hiyo isitukute mikono mitupu.

Mimi nimeanza nyumbani. Mwezi uliopita nilihitaji viazi, nikamwomba muuzaji tupime lile gunia nililolichagua. Lilikuwa na kilo 124. Nilimlipa bei ya gunia, kisha nikatoa fedha ya zile kilo 24 na kumwomba azifikishe kwa mwenye shamba. Sijui kama zitafika. Alizitazama mkononi muda mrefu, akaniuliza kama nina uhakika, halafu akalitoa jina la mama fulani wa huko juu, akasema huyu ndiye aliyelijaza, namfahamu, nitampelekea. Sasa najua kwamba gunia langu lilikuwa na mwenyewe, na muuzaji alimjua kwa jina.

Yule mama wa Isyonje ana shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Nimeiona, imechomekwa kwenye paa la jiko lake, ina kutu kidogo kwa kukaa bila kazi, kwa sababu lumbesa haishonwi, inafungwa kamba. Msimu huu nataka kupanda tena nikamkute ameitoa, ameisugua kwa jivu, anashona mdomo wa gunia lililofika kilo mia na kuishia hapo, na vile viazi vya jioni viko jikoni, vinachemka.